Ridhaa ya mwenye njaa: foleni za KICC, mboni za macho, na swali ambalo hukumu ya mahakama haijalimaliza

#1 · Mleta mada, Nairobi

Wakuu, salaam.

Tukianza kujadili maadili ya teknolojia mpya huwa tunakimbilia mambo ya mbali: roboti watakaotushinda akili, watoto watakaochaguliwa vinasaba kabla hawajazaliwa. Sina ugomvi na maswali hayo. Ila sisi tulishapewa mtihani wetu, hadharani, katikati ya Nairobi, na naona tunausahau kabla hatujaujibu.

Mwisho wa Julai 2023 watu walifurika KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi, kwa sababu walisikia kuna pesa. Ukifika mbele unatazama ndani ya kifaa cha mviringo kinachong'aa kiitwacho Orb. Kinapiga picha mboni za macho yako, kisha simuni unaahidiwa sarafu 25 za kidijitali za Worldcoin. Siku zile ukiziuza zilikupa kama shilingi 7,000 hivi. Kwa kibarua wa mjengo hiyo ni zaidi ya ujira wa wiki nzima.

Mradi ni wa kampuni ya Tools for Humanity, na mmoja wa waanzilishi wake ni Sam Altman, yuleyule anayeongoza OpenAI iliyotuletea ChatGPT. Hoja yao ni kwamba akili bandia itafika mahali mtandaoni hujui nani ni mtu na nani ni mashine, kwa hiyo kila binadamu anahitaji uthibitisho wa kuwa yeye ni mtu, tena mtu mmoja tu. Mboni wakaichagua kwa kuwa hakuna mbili zinazofanana, hata za mapacha waliotoka yai moja. Mradi ulizinduliwa rasmi duniani tarehe 24 Julai 2023. Tarehe 2 Agosti serikali yetu, kupitia waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo Kithure Kindiki, ikausimamisha nchini. Wakenya zaidi ya 350,000 walikuwa wameshajisajili.

Kesi ikaenda mahakamani, Katiba Institute, shirika linalotetea Katiba, wakiwa mstari wa mbele. Tarehe 5 Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu aliamua kwamba data hizo zilikusanywa kinyume cha sheria: tathmini ya athari kwa faragha haikufanywa ipasavyo, na ridhaa iliyovutwa kwa ahadi ya sarafu haikuwa halali. Akaagiza zifutwe ndani ya siku 7, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kisheria, hapo pameisha. Mimi bado nimekwama.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema ridhaa lazima iwe ya wazi, ya hiari, mahususi, na mtu awe ameelewa anachokubali. Sawa. Sasa mchukue mtu mzima mwenye akili timamu, nyumbani hakuna unga, anaambiwa tazama hapa upate elfu saba. Anatazama. Tukisema hakuridhia, tunamwambia kwamba umaskini wake umemvua uwezo wa kuamua, kama mtoto. Tukisema aliridhia, tunafungua mlango kwa kila kampuni duniani kuja kununua miili ya maskini kwa bei ya chini na kuondoka na karatasi iliyosainiwa.

Nataka tuligombanie hili kwa heshima. Waliopanga foleni msiwaite wajinga hapa. Nitajibu kila anayekuja na hoja.

#2 · Mchangiaji, Kayole

Mimi ni mmoja wa waliopanga foleni, na nashukuru umesema tusiitwe wajinga maana tumeitwa sana.

Mwezi ule nilikuwa nadaiwa kodi, mwenye nyumba ameshapiga kufuli mlango, vitu vyangu vyote viko ndani. Nilijua ninachofanya. Nilijua wanachukua picha ya macho. Hakuna aliyenishika mkono. Zile sarafu nikamuuzia kijana mmoja aliyekuwa anazinunua papo hapo, nikalipa, nikalala ndani.

Wasomi mnaandika kwamba ridhaa yangu haikuwa ya kweli. Nauliza: nikibeba zege siku nzima mpaka mgongo unauma, kwa pesa kidogo, kwa sababu nina njaa, ridhaa ile ni ya kweli? Mbona hapo hamji na kesi? Na ile siku niliyofungiwa nje, kati yenu nani alikuwa na elfu saba ya kunipa?

#3 · Mleta mada

Ndugu yangu, swali lako la zege ndilo gumu kuliko yote kwenye uzi huu, na sitalipita pembeni.

Kweli, karibu kila kazi ya mtu wa chini inafanywa kwa kusukumwa na njaa. Tukisema njaa inabatilisha ridhaa, basi mikataba yote ya vibarua ni batili. Kwa hiyo nakubaliana nawe: njaa peke yake haitoshi kusema hukukubali.

Ninachoona kina tofauti ni kile kilichouzwa. Jasho la leo linaisha leo. Kesho ukipata kazi bora unaacha zege. Nywila ya simu ikiibwa unaibadilisha. Mboni uliyo nayo iliumbika tumboni mwa mama yako na utazikwa nayo. Aliyechukua alama yake ana kitu ambacho huwezi kukibadilisha wala kujiuzulu kutoka kwacho. Biashara ya namna hiyo inahitaji muuzaji ajue thamani ya anachouza, na siku ile hakuna mtu kwenye foleni ambaye angeweza kuijua, kwa sababu matumizi yenyewe mengi hayajavumbuliwa. Wewe ulijua wanachukua picha ya macho. Je, ulielezwa itakaa wapi, nani ataiona, na ukibadili nia unarudi kwa nani?

Halafu kuna hili, ambalo linaniuma. Wakati wa uzinduzi, wakazi wa Marekani hawakupewa sarafu hizo, kwa sababu kampuni iliogopa sheria za kifedha za kwao. Wangeweza kusajiliwa, lakini malipo hayakuwahusu. Yaani tahadhari ilikuwepo, ila ilikuwa ya kuwalinda watu wengine. Tayari Aprili 2022 jarida la MIT Technology Review lilikuwa limechapisha uchunguzi kuhusu usajili wa majaribio katika nchi kadhaa, Kenya, Sudan, Ghana na Indonesia zikiwemo, likaonyesha kwamba watu walikuwa hawaelezwi vya kutosha na kwamba data zilizokusanywa zilizidi kile kilichosemwa. Majaribio hayo hayakuanzia kwa matajiri.

Lawama yangu haikujii wewe hata chembe. Anayekuja kwa mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake na kumnunulia kitu cha maisha yote, huyo ndiye anayepaswa kuhojiwa. Na sheria yenyewe inasema hivyo: mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilikuwa halali ni wa anayekusanya data.

Swali lako la mwisho sina jibu lake. Hatukuwa na elfu saba ya kukupa. Na baada ya kufunga ule mradi, hatukuweka kitu kingine mahali pake.

#4 · Mchangiaji, Dar es Salaam

Mkuu mleta mada, nimesoma kwa makini, ila naona mnamlilia mwizi mdogo.

Huku kwetu hatukulipwa hata senti. Mwaka 2019 tuliambiwa kila laini ya simu isajiliwe kwa alama za vidole na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), mwisho tarehe 31 Desemba. Muda ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, baada ya hapo laini zikaanza kuzimwa. Kwa mtu ambaye biashara yake yote iko kwenye pesa za simu, kuzimiwa laini ni kufungiwa duka. Je, tuliridhia? Hakuna aliyetuuliza.

Na angalia mpangilio: vidole vilichukuliwa kwanza, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikapitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Tulitoa kwanza, ndipo tukatungiwa ulinzi.

Kampuni angalau ilikuja na pesa mkononi ikaomba. Serikali inakuambia toa au ukae bila simu. Lipi baya zaidi?

#5 · Mleta mada

Shikamoo hoja, hiyo nimeipokea mzima mzima.

Huku kwetu tulikuwa na Huduma Namba, mpango wa namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, iliyoanza 2019 kwa vitisho vya kwamba bila hiyo hutapata huduma za serikali. Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamua kwamba kadi zake zilitolewa kinyume cha sheria, sababu ikiwa ileile: tathmini ya athari kwa faragha haikufanywa kabla. Miaka miwili baadaye KICC inajaa watu na tathmini bado ni tatizo.

Lipi baya zaidi? Kwa serikali, angalau kwenye karatasi, nina mlango wa kubisha: kura, bunge, mahakama, mbunge ninayemjua hata sura. Kwa kampuni iliyosajiliwa ng'ambo, sarafu yake iko mtandaoni na maafisa wake wa mtaani wanalipwa kwa idadi ya watu wanaowaleta, nabisha wapi? Lakini nakiri mlango wa serikali mara nyingi umefungwa kwa ndani. Sitasema serikali ni salama. Nasema zote mbili zimejifunza kuchukua mwili kwanza na kuuliza baadaye, na kampuni ilikuta raia waliokwisha kuzoeshwa na serikali yao kutoa vidole bila kuuliza.

#6 · Mchangiaji, Mombasa, fundi wa programu

Naomba nitetee upande ambao hauna mtetezi hapa.

Kwanza, tatizo wanalosema wanalitatua lipo kweli. Mimi naendesha mifumo ya mtandaoni na kila siku nafuta akaunti bandia, na sasa zinaandika Kiswahili safi kabisa. Uchaguzi, misaada, ruzuku za wakulima, vyote vinahitaji kujua kwamba mtu mmoja hajajisajili mara kumi.

Pili, kitaalamu mboni ni kipimo kizuri. Kazi ya John Daugman wa Cambridge ilishaonyesha miaka ya tisini kwamba mchoro wa mboni unaweza kugeuzwa kuwa msimbo wa tarakimu, na kulinganisha misimbo miwili ni kazi ya sehemu ndogo sana ya sekunde. India imesajili zaidi ya watu bilioni moja katika Aadhaar, mfumo wao wa utambulisho wa taifa, kwa vidole na mboni. Kampuni hii yenyewe ilisema mwaka 2023 kwamba picha hugeuzwa kuwa msimbo na picha hufutwa usipochagua ihifadhiwe.

Tukikataa kila kitu kwa woga, wengine watajenga mfumo na sisi tutakuja kulazimishwa kuutumia bila kuwa na sauti ndani yake.

#7 · Mleta mada

Asante kwa kuja na hoja badala ya kelele.

La kwanza nakukubalia. Tatizo lipo. Lakini tazama nani analitatua. Kiongozi wa kampuni iliyo mbele kabisa katika kutengeneza mashine zinazoongea kama watu ndiye pia mwanzilishi wa mradi wa kuthibitisha nani ni mtu. Sisemi ni njama. Nasema mtu mmoja hapaswi kuwa na mkono kwenye ugonjwa na kwenye dawa, halafu sisi tulipie dawa kwa macho yetu.

Na Nairobi imeshalipa upande wa pili pia. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba vijana wa hapa, waliokuwa wakisoma na kuchambua maandishi ya ukatili na unyanyasaji ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka, walikuwa wanabakiwa na chini ya dola 2 kwa saa. Waliajiriwa na kampuni ya Sama, iliyokuwa na mkataba na OpenAI. Kwa hiyo mji huu uliisafisha mashine kwa akili za vijana wake, kisha miezi sita baada ya ripoti hiyo ukaombwa mboni ili watu watofautishwe na mashine hiyo.

La pili, kuhusu msimbo. Msimbo wa mboni ni mwili wangu vilevile, kwa sababu unanirudia mimi na si mwingine. Kufuta picha na kubaki na msimbo kunapunguza hatari, hakuiondoi. Na Aadhaar, pamoja na yote, ina sheria yake na imepita mbele ya Mahakama ya Juu ya India. Pale KICC kulikuwa na hema na vijana wa kuhamasisha.

Angalia wengine walivyofanya. Hispania ilisimamisha ukusanyaji Machi 2024, kwa malalamiko yakiwemo ya kuchukua data za watoto na ya mtu kushindwa kuondoa ridhaa yake. Ureno ikafuata mwezi huohuo. Lakini hatua ninayoiona ya busara kuliko zote ni ya Brazil. Januari 2025 mamlaka yao ya ulinzi wa data haikusema watu wasipime mboni. Ilisema kampuni isilipe. Malipo, walisema, yanaingilia uhuru wa mtu kuamua, hasa mtu aliye katika shida.

Hilo ndilo jibu langu kwa mtanziko wa mwanzo. Ukikataza kupima, umemfanya mtu mzima kuwa mtoto. Ukiondoa pesa, umemrudishia uamuzi wake. Anayeona uthibitisho huo una faida kwake ataenda bila kulipwa. Kama bila pesa hakuna anayekwenda, basi tumejua kilichokuwa kinauzwa. Na wewe fundi, mfumo wako ukiwa mzuri kweli, watu watautaka.

#8 · Mchangiaji, Garissa

Nyinyi mnabishana kuhusu mwaka 2023. Sisi huku tuna hadithi ya zamani zaidi, na haikuwa ya sarafu.

Wakati wa ukame, mifugo ikifa, kuna familia za Wakenya, Wasomali wa hapahapa, zilizoingia kambi za Dadaab na kujiandikisha kama wakimbizi ili wapate chakula, matibabu na shule. Wengine waliandikishwa na wazazi wao wakiwa watoto. Vidole vikachukuliwa. Ukame ukaisha, wakarudi nyumbani.

Mtoto yule alipofika miaka 18 akaenda kuchukua kitambulisho cha taifa. Vidole vikawekwa kwenye mashine, mashine ikasema huyu ni mkimbizi. Basi. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna akaunti ya benki, hakuna kazi rasmi, safari ya kwenda Nairobi ni hofu ya kila kizuizi cha polisi. Mtu ana baba Mkenya, mama Mkenya, babu amezikwa hapa. Waliowahi kukwama hivyo ni makumi ya maelfu, na wengine wamekaa miaka mingi wakihojiwa na kamati za uhakiki.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya siku ile. Waliochukua vidole walikuwa wanagawa chakula. Mama alikuwa anatafuta uji wa mtoto.

#9 · Mleta mada

Nimesoma mara mbili, na naomba kila aliyepita juu ya ujumbe #8 arudi ausome polepole.

Hapo ndipo hoja ya "sina cha kuficha" inapofia. Yule mama hakuwa na cha kuficha. Data ilikuwa sahihi, mashine ilifanya kazi vizuri, shirika lilikuwa la misaada. Kilichobadilika ni swali ambalo data iliulizwa. Siku ya kwanza iliulizwa "nani apewe chakula?" Miaka kumi na zaidi baadaye ikaulizwa "nani ni raia?" Vidole vilevile vikatoa jibu ambalo hakuna aliyewahi kuliridhia, na kwa mtoto aliyeandikishwa na mzazi wake, ridhaa haikuwahi hata kuwepo.

Ndiyo maana siwezi kutulia nikiambiwa kwamba msimbo wa mboni utatumika kuthibitisha utu tu. Leo ndiyo. Kampuni huuzwa, hufilisika, sera hubadilika, serikali huomba nakala. Mkusanyaji anaweza kuwa mwaminifu kabisa leo na asiwe na uwezo wa kuahidi kwa niaba ya atakayemrithi.

Kwangu, hili linazidi hata suala la pesa. Kabla ya kupokea mwili wa mtu mwenye njaa, awe mgawa chakula au mgawa sarafu, anayechukua awajibike kisheria kusema data itakufa lini, na tarehe hiyo iheshimiwe na kila atakayeishika baada yake. Chakula cha msaada kikiisha, vidole navyo viishe.

#10 · Mchangiaji, Dar es Salaam

Hilo la tarehe ya kufa kwa data nimelipenda. Serikali zetu zitalikubali? Sioni.

#11 · Mchangiaji, Kayole

Nimekaa kimya nikiwasoma. Hiyo ya Garissa imenigusa maana mimi pia nina mtoto, na sikuwahi kufikiria mbele hivyo. Bado nasema siku ile ningepanga foleni tena, sitadanganya. Lakini sasa hivi kodi nimelipa na shida ile imepita. Nikitaka kujua kama macho yangu yamefutwa kweli, naanzia wapi? Mtu kama mimi atasikilizwa?

#12 · Mleta mada

Unasikilizwa kwa mujibu wa sheria, na usikubali mtu akuambie vinginevyo. Kuchukua pesa hakukukuondolea haki. Sheria ya 2019 inakuruhusu kuondoa ridhaa wakati wowote na kutaka data zako zifutwe, na hukumu ya Mei 2025 iko upande wako.

Andika barua fupi kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, au jaza malalamiko kwenye tovuti yao. Taja tarehe na mahali uliposajiliwa, namba ya simu uliyotumia, na kama bado unayo ile programu kwenye simu usiifute kwanza, piga picha ya skrini inayoonyesha akaunti yako. Omba mambo mawili: uthibitisho wa maandishi kwamba data zako zimefutwa, picha na msimbo vyote, na kama hazijafutwa, sababu. Malalamiko yakipokelewa, sheria inataka yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90. Weka nakala na namba ya kumbukumbu. Huhitaji wakili kwa hatua hii.

Ukikwama kwenye kuandika, nitumie ujumbe faraghani tuiandike pamoja, kwa Kiswahili. Na ukikubali, tukificha majina, tuibandike hapa ili wengine waliokuwa kwenye foleni ile waitumie kama mfano.